Kabla ya Kuilaumu Kahawa: Kuchunguza Vipimo vya Zamani vya Umeme Vinapotoa Majibu ya Uongo

Somo kwa makatibu, wapimaji na wanachama wa vyama vya msingi

Ifikiriwe asubuhi moja ya mwezi wa Julai katika chama kimojawapo cha bonde la Kiwira. Ukungu bado umelala juu ya migomba. Mkulima mzee ametua magunia mawili ya kahawa ghafi mbele ya ghala, yaani kahawa iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, lakini ingali na ganda lake jembamba la ndani. Mpimaji anachota kikombe kimoja, anakimimina katika kipima unyevu, anabonyeza kitufe. Mshale unapanda hadi 14 na kusimama.

“Mzee wangu, kahawa hii bado mbichi. Chama hakiwezi kuipokea.”

“Mwanangu, kahawa hii imekaa kichanjani siku kumi na mbili. Nimeing'ata mwenyewe kwa meno yangu.”

“Mimi sisemi, Mzee. Chombo ndicho kinachosema.”

Mzee anarudi na magunia yake. Baada ya siku tatu za jua anakuja tena, asubuhi vilevile, na mshale unaonyesha 14 na nusu. Kahawa iliyoanikwa siku tatu zaidi imezidi kuwa mbichi! Hapo minong'ono huanza: chombo kimefungwa upande mmoja, chombo kimenunuliwa na wachuuzi, katibu anajua. Katibu naye huona njia mbili tu mbele yake. Ama akitetee chombo kwa sababu ni cha umeme na kina kioo na mshale, ama akitupe kabatini na kurudia kupima kwa meno.

Somo hili linahusu njia ya tatu, ambayo ni kukihoji chombo kama shahidi anavyohojiwa barazani. Chombo kikongwe cha umeme hakisemi uongo ovyo ovyo. Kila ugonjwa wake una namna yake ya kudanganya, na anayejua namna hizo aghalabu huupata ugonjwa kabla ya kufungua skrubu hata moja.

HASARA IKO PANDE ZOTE MBILI

Yafaa kwanza hesabu ijulikane, maana wapo wanaodhani kwamba kosa la alama mbili kwenye kioo ni jambo dogo. Kahawa ya kuhifadhiwa hutakiwa kuwa na unyevu wa kati ya asilimia 10 na 12. Kilo 100 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 86 za kahawa kavu na kilo 14 za maji. Kahawa hiyo hiyo ikikaushwa hadi asilimia 12 hubaki kilo 97 na gramu 700 hivi. Basi chombo kinachosoma alama mbili chini ya ukweli hukifanya chama kilipie maji kilo 2 na zaidi katika kila kilo 100, na katika tani moja kilo zipatazo 23. Tena kahawa hiyo huingia ghalani pamoja na ukungu wake wa baadaye, na gunia moja lililovunda huharibu jina la shehena nzima.

Chombo kinachosoma alama mbili juu ya ukweli humwumiza mkulima. Kahawa yake ilikuwa tayari kwa asilimia 12, naye anaambiwa aikaushe zaidi. Akiifikisha asilimia 10 ili mshale uonyeshe 12, amekwisha kupoteza kilo 2 na gramu 200 katika kila kilo 100, na ganda lililokauka kupita kiasi hupasuka na punje kukatika wakati wa kukoboa. Hasara ya namna hii haionekani katika daftari lolote la chama, kwa kuwa maji yaliyokwenda hewani hayana stakabadhi.

CHOMBO HUPIMA NINI HASA

Kipima unyevu hakiyaoni maji. Hakuna chombo cha mezani kinachoyaona. Kinachopimwa ni tabia ya umeme ndani ya kahawa, na mtengenezaji amebandika karatasi ya tarakimu inayotafsiri tabia hiyo kuwa asilimia za unyevu.

Vyombo vya zamani ni vya jamii mbili. Jamii ya kwanza hupitisha umeme mdogo kati ya vipande viwili vya chuma vinavyoibana kahawa. Kahawa kavu huuzuia umeme kwa nguvu kubwa sana, kahawa mbichi huupitisha. Jamii ya pili huiweka kahawa kati ya mabati mawili yasiyogusana na kupima ni umeme kiasi gani unaoweza kulimbikwa hapo. Maji hulimbika umeme karibu mara 80 kuliko nafasi tupu, na nafaka kavu mara chache tu, kwa hiyo hata maji kidogo huonekana upesi.

Kutokana na hayo yafuata jambo ambalo kila mpimaji hana budi kulishika: chochote kinachobadili tabia ya umeme, hata kama si maji ya kahawa, kitaandikwa kwenye kioo kana kwamba ni maji ya kahawa. Joto hufanya hivyo. Kahawa iliyoletwa moja kwa moja kutoka kichanjani saa nane mchana, ingali na joto la jua, husomwa kuwa mbichi kuliko ilivyo, isipokuwa chombo kiwe na njia ya kusahihisha joto. Vumbi la maganda hufanya hivyo. Umande nao hufanya hivyo, na Tukuyu, mahali panapopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, umande hauhitaji kuitwa.

NAMNA TATU ZA UONGO

Mpimaji anayetilia shaka chombo asianze na bisibisi. Aanze na kahawa ileile, kikombe kilekile, na kuipima mara tano mfululizo, akiandika kila jibu. Kisha airudie kazi hiyo baada ya saa moja, na tena mchana. Majibu hayo yataangukia katika namna moja kati ya tatu.

Namna ya kwanza ni uongo unaoruka. Jibu la kwanza 11, la pili 15, la tatu 9, na mshale unatikisika meza ikiguswa. Hapa kuna mahali panapogusana vibaya: waya uliolegea, swichi yenye kutu, chemchemi ya betri iliyochoka, lehemu iliyopasuka. Uongo huu hutisha sana lakini ndio mwepisi kuliko yote kutibu.

Namna ya pili ni uongo unaotambaa. Majibu matano ya mfululizo yanakaribiana, lakini ya asubuhi si sawa na ya mchana, au chombo huanza na 12 na kupanda polepole kadiri kinavyoendelea kuwashwa. Sababu zake ni joto, unyevu juu ya chombo chenyewe, au betri inayokufa.

Namna ya tatu ni uongo unaokaa. Chombo kinasoma alama mbili zaidi leo, kesho na mtondo, kwa utulivu kabisa. Huu ndio wa hatari, kwa maana una sura ya ukweli. Huenda karatasi ya tarakimu ni ya mahindi na si ya kahawa. Huenda ni ya kahawa safi iliyokobolewa, na chama kinapima kahawa yenye ganda. Huenda mtu alikwisha kuizungusha skrubu ya ndani. Au sehemu za ndani zimezeeka.

Kuna pia uongo ambao si uongo. Kahawa iliyokaushwa kwa haraka juani huwa kavu nje na mbichi ndani. Ikipimwa jioni husoma 11, na ikilala gunia usiku kucha, maji ya ndani yakatoka nje, asubuhi husoma 13. Chombo hakina kosa lolote. Kahawa ya namna hiyo ilazwe kwanza, kisha ipimwe.

KITU KINACHOJULIKANA

Hakuna awezaye kumhukumu shahidi pasipo kuwa na jambo moja alijualo kwa hakika. Chama kinachotumia vipimo vya umeme hakina budi kuwa na vitu vichache vya kulinganishia, na karibu vyote ni rahisi kupatikana.

Kwa kipima unyevu, kitu bora ni chupa ya kioo yenye mfuniko unaoziba kabisa, iliyojaa kahawa ya jamii ileile inayopokelewa na chama, ambayo unyevu wake umepimwa kwa tanuri katika maabara. Tanuri ndilo hakimu wa mwisho, kwa kuwa huondoa maji na kuacha mizani iseme yalikuwa kiasi gani. Chupa hiyo iandikwe tarehe na unyevu wake, isifunguliwe ila kwa kupimia, na ibadilishwe kila msimu. Wataalamu wa zao hili hawako mbali: Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001, ina kituo Mbimba, wilayani Mbozi.

Kwa kipima joto, watu wengi hutumia maji yanayochemka, nao hukosea. Katika vitabu vya shule maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini hiyo ni habari ya pwani. Tukuyu iko katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na hapo maji huchemka karibu na nyuzi 95. Katibu anayekitupa kipima joto kwa sababu kimegoma kufika 100 amekitupa chombo kizima. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo haina ubaguzi wa mwinuko. Hiyo ni sifuri Tukuyu kama ilivyo sifuri Tanga.

Kwa kipima unyevu wa hewa ya ghala, chumvi ya mezani yatosha. Chumvi iloweshwe kidogo tu iwe kama uji mzito, iwekwe katika kisahani ndani ya chombo kinachozibwa pamoja na kipimo, na viachwe hadi kesho yake. Hewa iliyofungiwa na chumvi hiyo husimama kwenye asilimia 75. Kipimo kinachosoma 60 au 90 hapo kimejihukumu chenyewe.

Kwa kipima volti, tumia jiwe jipya la redio, ambalo husoma volti 1 na nusu au zaidi kidogo, au betri ya gari iliyojaa na kupumzika, ambayo husoma karibu volti 12.6. Umeme wa ukutani usitumike kuwa kipimo cha kulinganishia. Huo hupanda na kushuka, tena unaua.

KABLA YA KUFUNGUA KISANDUKU

Sehemu kubwa ya kasoro hupatikana nje ya kisanduku, au karibu na mlango wa betri. Kwa hiyo utaratibu ufuatwe bila kuruka hatua, hata kama foleni ni ndefu.

Betri itazamwe kwanza, na ipimwe ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imepumzika. Betri iliyochoka, kama mzee aliyeketi, huonekana mzima mpaka abebeshwe mzigo. Ajabu moja ijulikane hapa: kipimo cha mshale chenye betri dhaifu aghalabu hushindwa kufika kwenye alama yake ya mwanzo, na hivyo humwonya mtu, lakini baadhi ya vipimo vya tarakimu, betri yake ikididimia, huanza kusoma juu ya ukweli, wala tarakimu zake hazitetemeki. Volti 230 huonekana 260, na fundi hutafuta kosa katika nyumba nzima.

Kisha mahali pa kugusana. Chemchemi za betri zenye ukungu wa kijani au mweupe zisuguliwe kwa msasa laini na kupanguswa. Swichi ya kuzungusha ikizungushwa mara ishirini huku na huku, chombo kikiwa kimezimwa, hujisafisha kwa kiasi. Nyaya za kupimia zikunjwe karibu na vichwa vyake, maana hapo ndipo hukatikia ndani huku ngozi ya nje ikibaki nzima. Nyaya mbili zikigusishwa pamoja katika kipimo cha omu, mshale usimame penye sifuri na usicheze.

Kisha usafi na ukavu, na hapa Rungwe ipewe muda mrefu kuliko vitabu vinavyoelekeza. Katika kipima unyevu cha jamii ya kwanza, vipande viwili vya chuma vimetenganishwa na pete ya plastiki au ya kauri. Umeme wote unatakiwa upite ndani ya kahawa. Lakini pete hiyo ikifunikwa na vumbi la maganda, na vumbi hilo likinywa umande, umeme hupata njia ya mkato juu ya pete na kuiacha kahawa kando. Njia hiyo ya mkato haionekani kwa macho. Kahawa kavu huuzuia umeme kwa mamilioni ya omu, kwa hiyo hata utando mwembamba wenye unyevu huwa barabara kuu ukilinganishwa nayo. Dawa yake ni mswaki laini, kitambaa safi kilicholoweshwa spiriti, na muda wa kukauka. Maji ya bomba yasitumike, wala pumzi ya mdomo.

Mwisho, sifuri. Kila chombo kina alama kinayopaswa kuonyesha kikiwa kitupu. Alama hiyo itazamwe kila asubuhi kabla ya mkulima wa kwanza na tena baada ya mapumziko ya mchana. Ni kazi ya nusu dakika.

Mshale nao una vituko vyake. Ukitazamwa kwa upande husoma vingine kuliko ukitazamwa kwa mbele, na ndiyo sababu vyombo vizuri vina kipande cha kioo nyuma ya mshale: mtu asogeze jicho mpaka mshale ufunike kivuli chake. Kioo cha plastiki kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu wakati wa kiangazi hujaa umeme wa msuguano na kuuvuta mshale, ukaganda. Pumzi nyepesi juu ya kioo huufungua. Hapa pumzi imeruhusiwa.

AVOMITA NAYO IHOJIWE

Fundi aitwaye na chama huja na avomita. Jina hilo limetokana na herufi za ampea, volti na omu, na kipimo mashuhuri cha ukoo huo, Avo namba 8 cha Uingereza, kilianza kutengenezwa mwaka 1951 na kuendelea hadi mwaka 2008. Vingi vingali vikifanya kazi. Hata hivyo kipimo kinachotumwa kukikagua kipimo kingine lazima nacho kikaguliwe, na kosa lake kubwa si ugonjwa bali ni kiu.

Kila kipimo cha volti hunywa umeme kidogo kutoka mahali kinapopima. Kinapopima betri ya gari, kinywaji hicho ni tone la maji kutoka Ziwa Masoko. Lakini ndani ya kipima unyevu umeme ni mdogo mno, na tone hilo huweza kuwa nusu ya kisima. Mathalani, betri ya volti 9 imeunganishwa na rezista mbili za omu 100,000 kila moja, zikifuatana. Katikati yake pana volti 4 na nusu. Kipimo cha bei rahisi chenye omu 1,000 kwa kila volti, kikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, kitaonyesha pungufu ya volti moja. Avo namba 8, yenye omu 20,000 kwa kila volti, itaonyesha 3.6. Kipimo cha tarakimu chenye omu milioni 10 kitaonyesha karibu 4.5. Vipimo vitatu vizima, majibu matatu, na mahali ni palepale. Fundi asiyeijua kiu hii huhukumu kwamba sehemu fulani imekufa, huing'oa, huweka nyingine, na jibu hubaki lilelile.

NDANI YA KISANDUKU

Hatua hii ni ya fundi, na katibu anapaswa kuifahamu ili asidanganywe. Vyombo vya zamani vinavyotumia umeme wa ukutani, hasa vyenye taa za valvu, hubeba volti mamia kadhaa, na kapasita zake huweza kumrusha mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Asiyefundishwa asivifungue.

Fundi akifungua, hutafuta uzee kabla ya kutafuta kifo. Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani kadiri ya miaka, bila kuungua wala kubadilika rangi. Kapasita za maji ya dawa hukauka, na zile za karatasi huvujisha umeme. Mabadiliko hayo ndiyo chanzo cha ule uongo unaokaa. Lehemu iliyopasuka huonekana kwa kioo cha kukuzia kama pete nyembamba kuzunguka mguu wa waya.

Ndani humo mna pia skrubu ndogo ya kurekebisha, aghalabu imewekewa rangi juu yake ili isiguswe. Skrubu hiyo imewaharibia watu wengi kuliko mvua. Chombo kinasoma 14 mahali pa 12. Mtu anaizungusha mpaka kisome 12. Kila mtu anafurahi. Lakini kama kosa lilikuwa umande, mchana umande ukikauka chombo kitasoma 10, na sasa chama kinapokea kahawa mbichi. Kasoro moja imekuwa mbili, na ya pili imefichwa ndani. Skrubu iguswe baada ya mambo mengine yote kuthibitishwa, mbele ya chupa ya kulinganishia, na alama yake ya awali ikiwa imeandikwa.

Haishangazi kwamba vyombo vingi vikongwe havina vijitabu vyake. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kazi ya kununua mazao ikahamia kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika kuhama huko makabati yalihama bila karatasi. Chombo kisicho na kijitabu kinahitaji daftari lake kuliko kingine chochote.

MIZANI ZA UMEME

Mizani ni somo lake yenyewe, ila mambo mawili hayawezi kungoja. La kwanza, mizani ya umeme, kama ya chemchemi, hupima mvuto wa dunia na si wingi wa mzigo, na mvuto si sawa kila mahali. Mizani iliyorekebishwa London na kuletwa Tukuyu pasipo kurekebishwa upya hupunguza gramu 300 au zaidi kidogo katika kila kilo 100, bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Mizani ya mkono yenye mawe haina kasoro hiyo, kwani jiwe na gunia hupungua pamoja. Jambo la pili, mzigo mmoja uwekwe katika kila pembe ya sahani kwa zamu. Pembe ikitofautiana na wenzake, mguu wake umeingiwa na maji au umeumia. Ndoo ya lita 20 za maji, ikiondolewa uzito wa ndoo, ni kilo 20, na hiyo yatosha kuonyesha kosa kubwa.

Kurekebisha ni jambo jingine. Mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa chapa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na lakiri yake haikatwi na katibu wala na fundi wa redio. Chama huiweka kando, huandika barua, na hungoja.

DAFTARI LILILOTOA SIRI

Ni vema sasa kurudi kwa mzee na magunia yake. Katibu wa chama kile hakufungua chombo. Alifungua daftari la mapokezi, ambamo mpimaji alikuwa ameandika saa ya kila mzigo. Akapiga mstari chini ya kila mzigo uliokataliwa kwa wiki tatu. Karibu yote ilikuwa imepimwa kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya saa sita mchana hapakuwa na hata mkulima mmoja aliyerudishwa. Ulikuwa uongo unaotambaa, na ulitambaa pamoja na ukungu.

Kesho yake alfajiri walikiwasha chombo kikiwa kitupu, mbele ya wajumbe wawili wa kamati na mzee mwenyewe. Mshale, uliopaswa kulala kwenye alama yake, ulikuwa umeinuka. Mpimaji alikiri kwamba hakuwa akiitazama alama hiyo kwa sababu ya wingi wa watu. Chombo kilikuwa kikilala sakafuni, chini ya dirisha. Pete ilisafishwa kwa spiriti, ikakaa karibu na taa muda wa saa moja, na mshale ukalala. Chupa ya kulinganishia, iliyoandikwa 11 na nusu, ikasoma 11 na nusu. Kahawa ya mzee ikasoma 10. Siku tatu za nyongeza zilikuwa zimeondoka na sehemu ya uzito wake.

“Basi meno yangu hayakusema uongo,” alisema mzee.

“Hayakusema uongo, Mzee,” alijibu katibu, “na jambo hili litaandikwa katika kumbukumbu za kamati.”

Liliandikwa. Chombo kikahamishiwa kwenye rafu ya mbao ndani ya sanduku linalofungwa, na juu ya meza ya mapokezi pakabandikwa karatasi yenye safu nne: tarehe, alama ya chombo kikiwa kitupu, jibu la chupa, sahihi ya mpimaji. Ikakubaliwa kwamba mkulima yeyote aweza kuomba kuiona karatasi hiyo kabla ya kahawa yake kupimwa. Lililobaki bila kukubaliwa ni la wakulima kumi na wanne waliorudishwa katika wiki zile tatu, ambao baadhi yao walikwisha kuuza kahawa yao kwa wachuuzi kwa bei ya hasira.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chama chenu kina vipimo gani vya umeme, na ni nani anayetazama alama ya chombo kitupu kila asubuhi? Karatasi yake ioneshwe kikundini.

2. Kipima unyevu kinasoma 13, 13, 13 saa mbili asubuhi, na kahawa ileile inasoma 11, 11, 11 saa nane mchana. Ni namna ipi ya uongo? Je, yawezekana kahawa yenyewe ndiyo iliyobadilika? Mngepambanua vipi?

3. Kamati ya chama kilichotajwa katika somo iwatendee nini wale wakulima kumi na wanne, na fedha zitoke katika fungu gani?